Benki za Kumbukumbu: Kuandika Programu ya MSX Inayozidi Kilobaiti 64

Prosesa ya Z80 huitaja kila baiti ya kumbukumbu kwa anwani ya biti 16. Biti 16 hutoa anwani 65,536 tu, yaani kilobaiti 64, kuanzia 0000h hadi FFFFh (herufi h huonyesha kuwa namba imeandikwa kwa msingi wa 16). Hakuna amri ya Z80 inayoweza kutaja anwani iliyo nje ya hapo. Hata hivyo, kompyuta nyingi za nyumbani za miaka ya 1980 zenye prosesa hiyo zilikuwa na kilobaiti 128 au 256 za kumbukumbu, na katriji moja ya mchezo iliweza kubeba kilobaiti 128 peke yake. Njia iliyowezesha hilo ni kubadilisha benki. Kumbukumbu kubwa hukatwa vipande vya ukubwa mmoja, kisha sehemu fulani ya anwani hufanywa dirisha, na kwenye dirisha hilo huonekana kipande kimoja kwa wakati mmoja.

Msimu wa pamba unapofunguliwa katika kata ya Sapiwi, wilayani Bariadi, karani wa chama cha msingi cha ushirika huwa na meza na kabati. Tuseme meza inabeba madaftari manne yaliyofunguliwa na kabatini yamo mengine sitini. Mkulima akimwambia karani kwamba jina lake liko mstari wa 20 wa daftari la tatu kutoka kushoto, karani atasoma mstari wa 20 wa daftari lolote lililopo mahali hapo kwa wakati huo. Maelezo ya mkulima hayakutaja daftari, yametaja mahali pa mezani. Asubuhi yalikuwa sahihi. Mchana, baada ya madaftari kubadilishwa, yanampa pamba ya mtu mwingine. Anwani ya Z80 ni maelezo ya namna hiyo hiyo. Anwani 8000h si baiti fulani, bali ni mahali, na baiti inayopatikana hapo inategemea benki iliyofunguliwa. Karibu kila kosa linaloelezwa hapa chini linatokana na kulisahau jambo hilo moja.

Mashine inayofaa kujifunzia

MSX ni kanuni ya pamoja ya kutengeneza kompyuta za nyumbani iliyotangazwa mwaka 1983 na kampuni ya ASCII ya Japani pamoja na Microsoft, na Kazuhiko Nishi ndiye aliyeisukuma mbele. Kampuni nyingi ziliunda mashine zake kwa kanuni hiyo. Kwa msomaji wa Kiswahili, tawi la karibu zaidi ni Sakhr, chapa ya kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait iliyoanzishwa na Mohammed Al-Sharekh. Mashine za Sakhr, kama AX-170, zilikuwa na programu ya maandishi ya Kiarabu ndani ya ROM, na ziliuzwa katika nchi za Ghuba, eneo ambalo lina jamii kubwa ya wasemaji wa Kiswahili wenye asili ya Zanzibar. Tanzania yenyewe ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, kwa hiyo kompyuta za nyumbani za kizazi hicho hazikupata kuenea nchini.

Leo mashine yenyewe si lazima. Emuleta ya openMSX ni ya bure, na huja na C-BIOS, mbadala wa BIOS (programu ya msingi ya mashine) usiohitaji ROM ya kampuni yoyote. Pamoja na asembla kama sjasmplus, vifaa vyote vinatosha kwenye kompyuta ndogo iliyotumika, na vikishapakuliwa mara moja havihitaji bando. Shule yenye kompyuta moja na sola inaweza kuifanya kazi yote iliyoelezwa hapa.

Kurasa, sloti na benki

MSX hugawa anwani zake 65,536 katika kurasa nne za kilobaiti 16. Ukurasa 0 huanza 0000h, ukurasa 1 huanza 4000h, ukurasa 2 huanza 8000h na ukurasa 3 huanza C000h. Hizo ndizo nafasi nne za madaftari mezani.

Ubadilishaji hufanyika katika ngazi mbili, na ni vyema zisichanganywe. Ngazi ya kwanza ni sloti. Mashine ina sloti kuu nne, na kila sloti kuu inaweza kupanuliwa kuwa na sloti ndogo nne. BIOS imo katika sloti moja, RAM katika nyingine, katriji katika nyingine. Poti A8h hubeba biti mbili kwa kila ukurasa, na biti hizo husema ukurasa huo unaangalia sloti kuu ipi. Ngazi ya pili imo ndani ya kifaa kilichochomekwa kwenye sloti. Katriji kubwa ina rejista zake zinazochagua benki ya kuonyesha, na RAM kubwa hutumia poti FCh, FDh, FEh na FFh, moja kwa kila ukurasa, kuchagua kipande cha kilobaiti 16. Namba ya kipande ni baiti moja, hivyo vipande haviwezi kuzidi 256, yaani megabaiti 4.

Mpangilio wa sloti haufanani kutoka mashine moja hadi nyingine. Programu inayodhani kwamba RAM imo daima katika sloti 3 itafanya kazi kwenye mashine ya mwandishi na kukwama kwenye ya jirani. Sloti huulizwa, haikisiwi.

Mfano: kamusi ya Kisukuma na Kiswahili

Mfano unaofaa ni kamusi ndogo ya Kisukuma kwa Kiswahili ndani ya katriji ya kilobaiti 128. Katriji hiyo ni ya aina ya ASCII16, yenye benki nane za kilobaiti 16. Benki 0 hubeba programu na hukaa ukurasa 1 wakati wote. Benki 1 hadi 6 hubeba maneno, na benki 7 hubeba muziki. Hizi saba hupokezana ukurasa 2. Rejista ya ukurasa 1 iko anwani 6000h na ya ukurasa 2 iko 7000h. Anwani hizo zimo ndani ya eneo la ROM, ambalo haliandikiki. Programu ikiandika hapo, katriji huutumia uandishi huo kama agizo la kubadilisha benki.

Kila neno limepewa baiti 32, yaani 14 za Kisukuma na 18 za maana yake, kama "minzi" na "maji", au "mbula" na "mvua". Namba 32 haikuokotwa. Benki moja ina baiti 16,384, na hizo hugawanyika kwa 32 bila kubaki kitu, hivyo kila benki hubeba maneno 512 kamili na hakuna neno linalokatika katikati ya benki mbili. Kwa baiti 30 neno la 547 lingeanza mwishoni mwa benki moja na kumalizikia katika nyingine, na programu ingelazimika kuwa na sehemu nzima ya kushughulikia mkato huo. Benki sita hutoa nafasi ya maneno 3,072.

Kazi ya kwanza ya programu ni kufungua ukurasa 2. BIOS inapokuta herufi AB kwenye anwani 4000h, huita anwani ya kuanzia iliyoandikwa baada ya herufi hizo, lakini huwa imefungua ukurasa 1 tu wa katriji. Ukurasa 2 bado unaangalia kwingine. Programu hujiuliza yenyewe imo sloti gani, kisha huufungulia ukurasa 2 sloti hiyo hiyo:

```
        org  4000h
        db   "AB"
        dw   ANZA
        ds   12
ANZA:   call 0138h ; RSLREG: soma hali ya sloti kuu
        rrca
        rrca
        and  3 ; sloti kuu ya ukurasa 1
        ld   c,a
        ld   b,0
        ld   hl,0FCC1h ; jedwali la sloti zilizopanuliwa
        add  hl,bc
        ld   a,(hl)
        and  80h
        or   c
        ld   c,a
        inc  hl
        inc  hl
        inc  hl
        inc  hl
        ld   a,(hl) ; nakala ya sloti ndogo
        and  0Ch
        or   c
        ld   h,80h ; ukurasa 2
        call 0024h ; ENASLT
        ei
```

Mstari wa mwisho husahaulika sana. ENASLT, kazi ya BIOS ya kufungua sloti, hurudi ikiwa imezima makatizo (yanayoelezwa chini), na programu isiyoyawasha tena hubaki bila kibodi wala saa.

Baada ya hapo, benki zote hubadilishwa kupitia mlango mmoja:

```
FUNGUA: ld   (NAKALA),a
        ld   (7000h),a
        ret
```

NAKALA ni baiti moja ya RAM katika ukurasa 3, kwa mfano anwani C000h. Huhitajika kwa sababu rejista ya katriji haisomeki. Programu ikiuliza ni benki gani iliyofunguliwa haitajibiwa, kwa hiyo lazima iwe na kumbukumbu yake yenyewe. Waundaji wa mashine nyingine walifikia uamuzi huo huo. ZX Spectrum 128 hubadilisha RAM kwa poti 7FFDh, nayo huandikwa tu, hivyo nakala yake hutunzwa kwenye anwani 5B5Ch. BBC Micro huchagua ROM kwa anwani FE30h na hutunza nakala kwenye F4h.

Kutafuta neno ni hesabu fupi. Namba ya neno imo katika HL, kuanzia 0 hadi 3,071. Kuigawa kwa 512 hutoa benki, na baki huzidishwa kwa 32 kutoa mahali ndani ya benki:

```
TAFUTA: ld   a,h
        srl  a
        inc  a ; benki 1 hadi 6
        call FUNGUA
        ld   a,h
        and  1
        ld   h,a
        add  hl,hl
        add  hl,hl
        add  hl,hl
        add  hl,hl
        add  hl,hl ; mara 32
        ld   de,8000h
        add  hl,de
        ld   de,MEZA
        ld   bc,32
        ldir
        ret
```

Neno hunakiliwa hadi MEZA, sehemu ya RAM katika ukurasa 3, na sehemu nyingine zote za programu husoma hapo. Ingewezekana kurudisha anwani ya neno ndani ya benki bila kunakili, na programu ingekuwa na kasi kidogo zaidi. Lakini anwani hiyo ni yale maelezo ya mkulima, kweli leo na uongo kesho. Sehemu moja ya programu ikiishika anwani 8140h huku nyingine ikibadilisha benki, skrini itaonyesha neno jingine kabisa, tena neno halisi lililoandikwa sawasawa, na mkaguzi anaweza asitambue kuwa kuna kosa. Kunakili baiti 32 ni gharama ndogo mno kulinganisha na kutafuta kosa la aina hiyo.

Kisichopaswa kuhama

Karani hawezi kulirudisha kabatini daftari analoandikia. Vivyo hivyo, programu haiwezi kubadilisha ukurasa inaotekelezwa ndani yake. Tuseme amri ya kubadilisha ukurasa 2 imo kwenye anwani 9000h. Amri inayofuata Z80 itaisoma anwani 9003h, lakini 9003h sasa ni ya benki nyingine, na baiti iliyopo hapo huenda ni herufi ya neno la kamusi. Prosesa huitekeleza bila kujua, na mashine huganda au hujiwasha upya. Ndiyo maana FUNGUA imo benki 0 katika ukurasa 1, na anwani 6000h haiguswi hata mara moja katika programu nzima.

Steki nayo ina sharti hilo hilo. CALL huandika anwani ya kurudia kwenye steki, na RET huisoma. Steki ikiwa ndani ya dirisha linalobadilika, RET itachukua anwani kutoka benki isiyo yake. Kwenye MSX mahali salama ni ukurasa 3, chini ya F380h, kwa kuwa kuanzia F380h hadi mwisho ni eneo la kazi la BIOS.

Programu inapokua, benki moja hutaka kuita kazi iliyo katika benki nyingine ya dirisha lile lile. Haiwezi kufanya hivyo moja kwa moja. Huvuka kwa daraja lililojengwa ukurasa 1, namba ya benki ikiwa katika B na anwani ya kazi katika HL:

```
DARAJA: ld   a,(NAKALA)
        push af
        ld   a,b
        call FUNGUA
        call RUKA
        pop  af
        jp   FUNGUA
RUKA:   jp   (hl)
```

Benki ya zamani hutunzwa kwenye steki na si katika baiti ya kudumu, kwa sababu kazi iliyoitwa inaweza nayo kuvuka daraja kwenda benki ya tatu. Jibu la kazi hiyo lisirudishwe katika A, kwani A hutumika kurudisha benki.

Katizo

Mara 50 au 60 kwa sekunde, kutegemea mfumo wa televisheni, chipu ya picha huikatiza Z80. Prosesa huacha inachofanya, huruka hadi 0038h ndani ya BIOS, na BIOS hupitia kulabu ya FD9Fh ambapo programu inaweza kupachika kazi yake. Kamusi hupachika muziki hapo:

```
MUZIKI: push af
        ld   a,7
        ld   (7000h),a
        call 8000h
        ld   a,(NAKALA)
        ld   (7000h),a
        pop  af
        ret
```

Katizo laweza kuja katikati ya LDIR, yaani amri inayonakili neno, baiti 11 zikiwa zimenakiliwa na 21 zimebaki. Benki ikirudishwa kama ilivyokutwa, LDIR huendelea bila kujua kilichotokea. Isiporudishwa, baiti 21 za mwisho za neno zitatoka kwenye muziki. MUZIKI haitumii FUNGUA, bali huandika rejista moja kwa moja, ili NAKALA ibaki ikishuhudia benki ya programu kuu. A nayo hutunzwa, kwa kuwa BIOS hufika kwenye kulabu hiyo ikiwa imeiweka hali ya chipu ya picha humo na bado inaihitaji.

Mpangilio wa amri mbili za kwanza za FUNGUA una uzito zaidi kuliko unavyoonekana. Nakala huandikwa kwanza, rejista baadaye. Tuseme mwandishi amezigeuza, na benki inabadilishwa kutoka 2 kwenda 5. Rejista inapokea 5. Kabla nakala haijaandikwa, katizo linaingia. MUZIKI inafungua benki 7, inapiga noti yake, kisha inasoma NAKALA, ambayo bado ni 2, na kurudisha benki 2. Programu kuu inarejea, inaandika 5 katika NAKALA, na kuanzia hapo nakala inasema 5 ilhali dirisha linaonyesha 2. Mwanya huo ni mdogo mno, kwa hiyo kosa linaweza kujitokeza mara moja katika saa kadhaa, na mara nyingi halijirudii mtu anapolichunguza. Kwa mpangilio sahihi, katizo likiingia katikati, MUZIKI itarudisha benki 5 mapema kidogo, na amri inayofuata itaandika 5 juu ya 5. Hakuna haja hata ya kuzima makatizo.

RAM ya vipande

Data inayobadilika, kama maneno anayoongeza mtumiaji, huhitaji RAM. Kwenye mashine yenye RAM ya vipande kanuni ni zile zile, isipokuwa benki huchaguliwa kwa poti: amri `out (0FEh),a` hubadilisha kipande cha ukurasa 2, baada ya ukurasa huo kuelekezwa kwenye sloti ya RAM. Poti hizo nazo zisitegemewe kusomeka, kwa hiyo nakala ni lazima.

Idadi ya vipande hupatikana kwa kuandika. Programu hufungua vipande kuanzia 255 ikishuka hadi 0, na katika kila kimoja huandika namba yake kwenye 8000h. Kisha hupanda kutoka 0, ikisoma. Namba ya kipande cha kwanza ambacho baiti yake hailingani nayo ndiyo idadi. Kuanzia juu kwenda chini ni lazima, kwa sababu mashine yenye vipande 8 huona kipande 8 kuwa ni kile kile cha 0, na uandishi wa mwisho ndio unaobaki. Kipande 0 kwa kawaida ndicho kilichofunguliwa ukurasa 3, kwa hiyo jaribio hili hugusa anwani C000h pia, ambapo kamusi imeweka NAKALA. Baiti hiyo na ya vipande vingine vinavyotumika zihifadhiwe kwanza. Chini ya MSX-DOS 2 njia hii haifai kabisa, kwani mfumo wenyewe hugawa vipande, na programu inayojichukulia inaweza kufuta data ya mfumo.

Mashine za gemu za Kichina zinazotumia kaseti, zilizozoeleka katika miji ya Tanzania, hufuata mantiki ya kubadilisha benki pia, ingawa prosesa yake ni ya ukoo wa 6502. Katika moja ya mipangilio yake ya kawaida, 8000h hadi BFFFh hubadilika na C000h hadi FFFFh haihami. Anwani za kuanzia na za makatizo zimo FFFAh hadi FFFFh, ndani ya sehemu isiyohama.

Kuunganisha na kupima

Kila benki huandikwa ikiwa na `org 8000h`, isipokuwa benki 0 yenye `org 4000h`, na hujazwa hadi baiti 16,384 kamili. Faili nane zikiunganishwa kwa mpangilio, `kamusi.rom` lazima iwe na baiti 131,072. Ikipungua au kuzidi hata kwa baiti moja, benki iliyokosewa itasogeza zote zinazoifuata.

Programu huwashwa kwa `openmsx -machine C-BIOS_MSX1 -cart kamusi.rom -romtype ASCII16`. Aina ya katriji itajwe wazi. Isipotajwa, emuleta hukisia kwa kuangalia anwani ambazo programu huziandikia, na ikikosea, programu nzima na sahihi itaonekana mbovu. Kitufe cha F10 hufungua sehemu ya maagizo, na agizo la `slotselect` huonyesha kila ukurasa unaangalia sloti ipi.

Jaribio la neno namba 0 halithibitishi kitu, kwa kuwa hata programu isiyobadilisha benki ipasavyo inaweza kulipata. Maneno ya kupima ni yale ya mipakani: 511 na 512, 1,023 na 1,024, na la mwisho kabisa, 3,071. Yasomwe kwa kupokezana maelfu ya mara huku muziki ukipigwa, na kila nakala ilinganishwe na neno lililotarajiwa. Neno 511 likitoka mwisho wa benki 1 na neno 512 likitoka mwanzo wa benki 2 kila mara bila kukosea, katriji iko tayari kuchomwa.